Sawa, Bosi

Kijana ninayemzungumzia hapa yu hai, mzima wa afya, na wiki mbili zilizopita tulikunywa chai pamoja Mwenge. Nilimwomba ruhusa nisimulie yaliyomkuta. Akakubali kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Tulipokuwa tunaagana akanishika mkono, akaongeza sharti la pili: "Na usiandike kana kwamba wewe ungefanya tofauti, kaka." Sharti hilo ni la haki. Mtaona kwa nini.

Kazi yetu ni kuosha vioo. Wengi hudhani ni ndoo, tambara na gazeti la zamani, na kwa dirisha la sebuleni kwako pengine hawakosei. Nilipoanza kazi hii nyumba nyingi za Dar es Salaam zilikuwa na madirisha ya mbao na wavu wa mbu, au vile vioo vya luva unavyovifungua na kuvifunga kwa mkono. Siku hizi kila ghorofa linaloota Mikocheni, Kijitonyama au Masaki linavishwa alminiamu na kioo toka chini hadi juu, na upepo wa bahari unalirushia chumvi usiku na mchana. Kwa hiyo kazi hazikosekani. Zinazotuangusha ni zile tulizozipokea bila kuzitazama usoni.

Simu ilianza kwangu. Ulikuwa mwezi wa nane, mimi niko Muheza kwenye msiba wa shangazi. Mpigaji alijitambulisha kuwa msimamizi wa jengo la ghorofa nne Mikocheni, nyumba 16 za kupangisha, ujenzi umekwisha, vioo vioshwe kabla ya kukabidhi. Akataja bei papo hapo: shilingi 2,400,000. Sikumuuliza swali hata moja. Nilimwambia niko msibani, ila nina kijana mwaminifu niliyemfundisha kazi mwenyewe. Kisha nikampigia kijana nikamwambia, "Mdogo wangu, kuna dili nono, usiliachie."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yangu. Kwa hiyo huko mbele mkinisikia nikitaja dalili ambazo kijana alizipuuza, mjue kwamba ya kwanza niliipuuza mimi. Mtu alitaja bei ya kazi ambayo fundi hajaiona. Anayefanya hivyo ama ana haraka, ama kuna jambo analijua asilotaka uliulize, ama fedha anayoitaja si yake. Huyu wetu, tulikuja kugundua, alikuwa na yote matatu. Hakuwa msimamizi wa mwenye jengo wala wa mkandarasi mkuu. Alikuwa mtu wa kati, aliyepewa kazi ya usafi na mwingine, naye amekwisha kata chake. Lakini nani anauliza ukoo wa fedha akiwa amekaa kwenye mkeka wa msiba, na milioni mbili na laki nne zinamlia sikioni?

Kijana alifika saiti Jumanne asubuhi. Kitu cha kwanza alichokiona, kabla hajaona hata kioo kimoja, kilikuwa ndoo ya mtu mwingine.

Ilikuwa kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza. Ndani yake mna tambara lililokauka likakakamaa, kipangusio cha mpira kizuri tu, na pakiti ya nyembe iliyofunguliwa ikatumika nyembe mbili. Akauliza hivi ni vya nani. Yule msimamizi akajibu, "Kuna jamaa alianza juzi, mvivu sana, tukamfukuza. Wewe piga kazi, Jumamosi mwenye nyumba anashuka na ndege kutoka Muscat, akute zinang'aa." Kijana akajibu, "Sawa, bosi."

Hapa naomba tukae kidogo. Fundi aliyefukuzwa kwa uvivu huondoka na ndoo yake. Ndoo ni mtaji. Kipangusio kile kilikuwa cha bei, si kitu ambacho mwoshaji wa vioo anakisahau. Mtu akiacha vifaa vyake na ujira wa siku mbili nyuma, ujue ameona jambo lililomtisha kuliko njaa. Fundi aliyekutangulia akaondoka ni barua iliyoachwa mezani. Ukiipita bila kuisoma, umechagua kutokujua. Wala haikuwa vigumu kuisoma. Mlinzi wa getini alikuwa na namba ya yule jamaa kwenye simu yake. Sisi tuliitafuta namba hiyo baadaye, mambo yalipokwisha haribika, tukamkuta Tandale anaosha magari. Tulipomuuliza kwa nini aliacha ile kazi, alitujibu kwa maneno machache: "Nilisikia kioo kinalia, nikashuka."

Tuendelee na hali ya vioo vyenyewe. Vilikuwa na matone ya saruji yaliyokauka, rangi iliyoruka kutoka kwenye brashi za wapaka rangi, gundi ya silikoni pembeni, na kwenye roshani za nyuma kulikuwa na vidoa vyeusi vidogo kama mbegu za papai. Vidoa vile ni cheche. Mafundi wa geti na vizuizi vya roshani walikata vyuma kwa grinda vioo vikiwa vimekwisha fungwa, na cheche ya chuma ikigusa kioo hujichimbia humo. Haitoki ile. Ukiing'oa inaacha shimo. Saruji nayo si uchafu tu. Maji ya saruji mbichi ni makali kama magadi, yakikaa kwenye kioo siku nyingi huula uso wake, na hata ukitoa tone lote unabaki na kivuli cheupe kisichoondoka kwa sabuni yoyote.

Kwa maneno mengine, sehemu ya vioo vile ilikuwa imeharibika kabla kijana hajafungua ndoo yake. Angepiga picha siku ile, hata kwa simu ya kioo kilichopasuka kama aliyokuwa nayo, leo nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Hakupiga. Ukimuuliza kwa nini, anasema aliona aibu. Alihisi kupiga picha ni kama kumwambia mwenyeji wake kwamba hamwamini. Nami namwelewa. Sisi tumelelewa hivyo, kwamba ukikaribishwa mahali huanzi kuhesabu vijiko.

Akatafuta vibarua wanne, akakodi majukwaa ya vyuma, akanunua sabuni na nyembe kwa fedha yake. Malipo ya awali aliahidiwa kesho, na kesho ilipofika akaahidiwa Jumamosi. Sawa, bosi.

Sasa nieleze kuhusu wembe, maana wasiofanya kazi hii watashangaa. Kutumia wembe juu ya kioo si kosa. Unalowesha kioo kwa maji ya sabuni mengi, unalaza wembe mpana karibu ulale kabisa, unausukuma mbele kwa mkono mwepesi, wala huurudishi nyuma ukiwa umegusa. Kioo cha kawaida hakidhuriki. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha, na ndivyo alivyofanya. Vioo vya upande wa mbele, ghorofa ya chini, vilitoka safi kama maji ya kisima cha mlimani. Msimamizi akapita, akasifu. Kijana akajiona amekwisha shinda.

Mchana walihamia upande wa mashariki. Kioo cha tatu huko kikalia.

Sauti yenyewe ni ngumu kuieleza kwa maandishi. Fikiria umevaa viatu vya ngozi, unatembea juu ya sakafu ya terazo iliyomwagikiwa mchanga kidogo. Ni mkwaruzo mdogo, wa juu, unaousikia kwenye meno kuliko masikioni, na mkono ulioshika wembe unahisi vipele. Kibarua mmoja, mtoto wa miaka 19 ambaye hajawahi kuosha kioo maishani mwake, alisimamisha kazi akasema, "Kaka, mbona hiki kinakwaruza?" Alikuwa mgeni wa kazi, ndiyo maana alisikia. Kijana wetu akamwambia aongeze sabuni. Wakaongeza. Wakabadilisha nyembe. Sauti ikapungua, haikwisha. Akaenda kumwambia msimamizi. Msimamizi akasema, "Wenzako wote wanatumia wembe. Jumamosi iko hapo."

Sawa, bosi.

Kilichokuwa kinalia ni hiki. Kioo cha majengo ya namna ile mara nyingi si kioo cha kawaida, ni kile kilichokazwa kwa moto, ambacho wengi wetu hukiita tempa. Kwanza hukatwa kwa kipimo na kingo zake zikasuguliwa, kisha huingizwa katika tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 600, kikipita juu ya roli, halafu kikapozwa ghafla kwa upepo mkali. Ndiyo maana kikivunjika humwagika vipande vidogo kama punje za mahindi badala ya kuacha visu, na ndiyo maana baada ya kukazwa hakikatiki tena. Sasa kiwanda kikiwa hakikukiosha vizuri kabla ya tanuri, au roli zenyewe ni chafu, unga wa kioo uliotokana na kukata na kusugua huganda usoni mwake joto likipanda. Jicho halizioni chembe hizo. Ukipitisha kidole kikavu pengine utazihisi, kama ngozi iliyosisimka kwa baridi. Tambara na maji hupita juu yake bila neno. Wembe ndio unaozing'oa na kuziburuta, na kila chembe inachora mstari wake.

Tena mara nyingi chembe hizo huwa upande mmoja tu, ule uliolala juu ya roli. Fundi wa alminiamu anapofunga dirisha haulizi upande upi ulilala. Ndiyo sababu vioo vya mwanzo vilikuwa laini na vilivyofuata vikalia, na ndiyo sababu jaribio la kioo kimoja halitoshi kukuambia habari za jengo zima. Kioo cha tempa kwa kawaida kina kimuhuri kidogo kwenye kona, maandishi madogo ya kiwanda. Kijana alikiona kimuhuri. Mimi sikuwahi kumweleza maana yake. Nilikuwa nimeijua kwa miaka mingi na sikuwahi kuitaja, kwa sababu tulikuwa tukifanya kazi za maofisi yaliyokwisha hamiwa, ambako wembe hauhitajiki. Mwalimu hufundisha yale anayokutana nayo. Hilo nalo liandikwe upande wangu.

Walifanya kazi Jumanne, Jumatano na Alhamisi hadi magharibi. Ndani ya vyumba umeme haujaunganishwa. Katika mwanga ule wa kijivu kioo kilichokwaruzwa na kioo kizima vinafanana, hasa vikiwa vimelowa. Ijumaa saa mbili asubuhi jua lilipanda upande wa mashariki na kupiga vioo kwa ubavu. Kijana anasema alikuwa chini anakunja mpira wa maji, akainua macho, akaona vioo vya ghorofa ya tatu vina nywele. Hilo ndilo neno alilolitumia. Mistari myembamba, mamia kwa mamia, yote inafuata mwendo wa mkono wake mwenyewe, kutoka chini kwenda juu, kama mtu aliyetia saini.

Mkandarasi alifika saa nne. Vilihesabiwa vioo 61. Fundi wa alminiamu aliitwa akakadiria shilingi 140,000 kwa kioo, kutoa na kufunga, na kwa kuwa kioo cha tempa hakikatwi kikishakazwa, kila kimoja lazima kiagizwe upya kwa kipimo chake. Jumla shilingi 8,540,000, kwa kazi ambayo ingemlipa 2,400,000 kabla ya vibarua na majukwaa.

Kijana alijaribu kujieleza. Alisema vingine vilikuwa na mikwaruzo tangu mwanzo, na ni kweli, kwa sababu kwenye vioo kadhaa kulikuwa na duara za msasa wa mafundi wa plasta, ambazo wembe hauwezi kuzichora. Alisema kioo kilikuwa kinalia na alitoa taarifa. Mkandarasi akamuuliza maswali mawili tu. Karatasi iko wapi? Picha ziko wapi? Yule msimamizi aliyeambiwa kuhusu sauti alikuwa amesimama pale pale, akitazama viatu vyake. Kwa haki, mwenye kosa la kwanza alikuwa aliyeleta kioo chenye unga. Lakini kwenye saiti lawama haipandi kwenda kiwandani. Humkalia aliyeshika mwisho, na mwoshaji wa vioo ndiye anayeshika mwisho siku zote. Wote wamekwisha lipwa na kuondoka, yeye bado ana tambara mkononi.

Mambo yaliishia ofisi ya serikali ya mtaa, baada ya kutishiwa polisi. Wakasuluhishana kijana alipe milioni nne kwa awamu na asidai ujira wake. Vibarua wanne ilibidi walipwe, maana wao walikuja kwa neno lake. Akauza pikipiki yake kwa shilingi 1,700,000. Mimi nilitoa laki tano. Hakuniomba. Lakini neno "usiliachie" lilikuwa langu.

Nimeisimulia habari hii kwa vijana wengi wa kazi yetu, na karibu wote hurukia kwenye wembe. Wanasema angetumia dawa ya kulainisha saruji, angetumia plastiki badala ya chuma. Pengine. Mimi naona kazi ile ilikuwa ya kukataliwa Jumanne saa tatu asubuhi, pale kwenye ndoo, na kama si pale basi kwenye kioo cha tatu cha mashariki. Hapo alikuwa ameharibu kioo kimoja. Kioo kimoja unaomba radhi, unalipa, unakwenda zako. Sitini vilivyofuata vilitokana na kushindwa kushuka.

Na kwa nini tunashindwa? Njaa ni sababu, sitaidharau. Lakini nimewaona wenye shibe pia wakishindwa. Kwetu, kazi mara chache huja peke yake. Huja imeshikwa mkono na mtu. Umeletwa na mjomba, au na jirani, au na fundi mwenzako aliyeko msibani. Ukiikataa umemkataa aliyekuleta. Watasema unaringa. Watasema siku hizi umepata. Ndiyo maana tuna maneno mengi ya kukubali nusunusu, "tutaona", "nitakuja", "Mungu akipenda", na hatuna mazoea ya kusema kwa upole na wazi, "Hii siiwezi." Badala yake tunasema sawa. Kijana anakumbuka aliisema "sawa" ile hata alipokuwa anahesabiwa vioo alivyoharibu. Msimamizi anasema arobaini na moja, yeye sawa. Arobaini na mbili, sawa.

Msinielewe kwamba kuchagua kazi ni suala la mikwaruzo tu. Fedha hulipika. Wapo walioshindwa kuuliza swali moja wakalipa kwa mwili.

Tarehe 7 Desemba 2007, mjini New York, ndugu wawili wa tumbo moja kutoka Ecuador walipanda kuosha vioo vya jengo la ghorofa 47. Walipoingia kwenye jukwaa lao la kuning'inia, nyaya zilizolishikilia ziliachia kule juu zilikofungwa, wakaenda chini jukwaa na wao. Mdogo alikufa. Mkubwa akaishi, jambo ambalo hata madaktari waliliita muujiza, akaanza kusema tena siku ya Krismasi. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyaya hazikufungwa inavyotakiwa, na ndugu wale hawakuwa wamevaa mikanda iliyofungwa kwenye kamba ya pili.  Jukwaa lenyewe mtu angelitazama na kuona liko imara. Kilichokuwa kibaya kilikuwa pale lilipofungwa.

Nami niliwahi kupelekwa paani kwenye jengo moja la katikati ya mji, nikaonyeshwa kamba ambayo ningening'inia nayo. Nikaifuata kwa macho hadi mwisho wake. Ilikuwa imezungushwa kwenye stendi ya tangi la maji. Nilikataa, na nitasema kweli, sikukataa kwa hekima. Magoti yaliniambia. Siku ya pili jamaa mwingine akaifanya kazi ile kwa kamba ile ile, akamaliza salama, akalipwa, na kwa miezi kadhaa nilikuwa kichekesho cha kijiwe. Huu ndio ugumu ambao wanaotushauri kukataa hawautaji. Kazi uliyoikataa haikupi cheti. Huwezi kuonyesha mfupa ambao haukuvunjika.

Basi sikilizeni hasa maneno ya anayewaita. Akisema "uje na kamba zako na vijana wako", amekwisha kuwaambia msiba ukitokea utakuwa wa nani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awape watu wake vifaa vya kujikinga, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inamtaka achangie mfuko ili aliyeumia kazini afidiwe. Sisi mafundi wa kujitegemea tukisoma hayo hufurahi, tukidhani yanamhusu bosi wa Masaki. Ukichukua vibarua wanne asubuhi pale Mwenge, bosi ni wewe. Yule mtoto wa miaka 19 aliyesikia kioo kinalia alikuwa ghorofa ya tatu, juu ya majukwaa ya kukodi, bila mkanda. Tulishughulika sana na vioo 61 hata hakuna aliyelisema hilo, wala mkandarasi, wala mwenyekiti wa mtaa, wala mimi.

Kuna kazi nyingine ndogo ndogo za kuchungulia mara mbili. Madirisha yenye karatasi ya tinti, ambayo wembe huichana kama ganda la kitunguu. Nyumba zenye maji ya kisima cha chumvi, ambako bomba la bustani limerushia vioo kwa miaka na sasa mwenye nyumba anataka ving'ae kama vipya kwa siku moja. Vioo vya rangi ya kioo cha kujitazamia, ambavyo utando wake wakati mwingine uko nje badala ya ndani. Hizo zinafanyika, ila zinataka useme mapema nini kitatoka na nini hakitatoka.

Kijana sasa hubeba daftari la kopi. Kabla ya kazi yoyote ya jengo jipya huandika kwa mkono hali aliyoikuta, kioo kwa kioo akiweza, na mstari mmoja kwamba uharibifu unaotokana na kioo chenyewe si wake. Mteja atie saini. Wengine husaini. Wengine humcheka.

Tulipokuwa tunakunywa ile chai Mwenge simu yake iliita. Nyumba mpya Kigamboni, vioo vingi, bei nzuri, kesho. Nikamsikia anauliza: vioo vilifungwa lini, mwenye nyumba ni nani, kuna aliyekwisha anza kuviosha? Upande wa pili kukawa kimya, halafu sauti ikasema kwa nguvu hata mimi nikaisikia, "Kaka, ni vioo tu, kwani unaposa?" Tukacheka wote watatu. Akasema atakuja kuangalia kwanza.

Kesho yake akavuka kwa kivuko na chupa ya maji ya sabuni, wembe mmoja na daftari. Mimi nilikuwa Kariakoo nanunua mipira ya vipangusio. Saa tano simu yangu ikatetemeka. Alikuwa amejaribu kona ya juu ya dirisha la chumba cha nyuma, kwa upana wa kidole, akiwa ameweka sikio karibu. Ujumbe wake ulikuwa na maneno mawili.

"Kimelia. Narudi."